Kabla Hujapanda Mikoko, Panda Kwanza Vilima

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa dada mmoja wa Kisauni, msomaji wa siku nyingi wa makala zangu. Kikundi chao kimepewa miche elfu mbili ya mikoko, fulana zimeshachapishwa, mgeni rasmi amekubali kuja na siku ya kupanda ni Jumamosi. Aliniomba mawaidha mawili matatu ili shughuli ifane. Nilimjibu kwa sentensi moja, kisha nikaona haya, kwa kuwa jibu la kweli ni refu na ndani yake mna doa langu mwenyewe.

Mimi pia nilikuwa na fulana. Miaka saba iliyopita nilikuwa mwenyekiti wa kikundi cha vijana wa Mikindani, na shirika moja lilitufadhili tupande mikoko katika hori ya Tudor, upande wa juu ambako Mto Kombeni humwaga maji yake. Tulikusanya mbegu za mkoko, zile ndefu zinazochipua zikiwa bado juu ya mti, tukazichomeka topeni kwa mistari iliyonyooka kama gwaride, kwa sababu mpiga picha alitaka mistari. Picha zilipendeza. Mama yangu ameiweka moja kabatini hadi leo.

Masika yalipoingia, mto huo, ambao miezi mingi huwa mchanga mtupu, ulishuka ukiwa mwekundu kama udongo wa kufinyangia vyungu. Nilikwenda maji yalipokupwa, nikapiga magoti pale nilipokumbuka palikuwa na mstari wa kwanza, nikaingiza mkono. Tope lilinifika kwenye kiwiko ndipo vidole vikagusa mche. Ulikuwa mweusi, laini, na ulipotoka ulinuka. Mizizi ya mkoko hupokea hewa ikiwa juu ya tope, na udongo ukiifunika kwa wingi mti hukosa pumzi ukafa. Jambo hilo halikuwa siri. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 ziliua mikoko mikubwa ya Mwache kwa namna hiyo hiyo, na Mwache si mbali na kwetu. Wavuvi wazee walijua, sisi hatukuwauliza.

Kilichoniumiza zaidi kilikuja baada ya hapo. Ilisemekana nimekula fedha za miche, na aliyesimama mkutanoni kulisema hilo ni mtu niliyekuwa nikila naye sahani moja. Hesabu zangu zilikuwa safi hadi shilingi ya mwisho, lakini nilikuwa nazo mkobani mwangu badala ya kuzibandika ukutani, na hesabu iliyo mkobani haimtetei mtu. Nikavuliwa uenyekiti. Husema kwamba nimesamehe, ingawa nikimwona mapema kwenye kivuko cha Likoni huwa nasubiri feri inayofuata.

Nilipanda vilima vya Rabai kwa hasira, si kwa hekima. Nilitaka tu kuona tope lile linatoka wapi. Nilimkuta mzee mmoja akifunga ng'ombe wake, nikamweleza habari ya miche yangu kwa lugha ya mashtaka. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Hayo matope unayoyalalamikia, mwanangu, ni shamba langu." Akanipeleka ukingoni mwa korongo lililokuwa refu kuliko mimi, ambamo mizizi ya mnazi ilining'inia hewani kama kamba. Miti ya mteremkoni ilikuwa imekwisha kwa makaa, na kando ya mto watu walichimba mchanga wa kujengea nyumba za mjini, yaani nyumba zetu sisi. Ng'ambo ya hapo ulisimama msitu wa kaya, yaani msitu mtakatifu wa Wamijikenda, na chini yake ardhi haikuwa na ufa hata mmoja. Misitu ya kaya za Mijikenda iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, lakini wazee walikuwa wameilinda kwa makatazo yao muda mrefu kabla ya hapo.

Miaka miwili ya mikutano naiacha, kwa sababu haina utamu. Kazi yenyewe ya kuzuia udongo usishuke ni rahisi kuliko mikutano. Unafunga fito tatu ziwe kama herufi A, unaning'iniza jiwe kwa kamba kutoka kileleni, na unatembea nalo mteremkoni ukiweka vigingi mahali ambapo kamba inatulia kwenye alama ya katikati ya ufito wa kulala. Hapo umepata mstari usiopanda wala kushuka. Kisha unachimba mfereji na kurusha udongo upande wa juu, ndiyo ile inayoitwa fanya juu. Juu ya tuta tulipanda nepia, majani ya kulishia ng'ombe. Mzee alikubali kwa sababu ng'ombe wake angeila, wala si kwa mapenzi ya mikoko ambayo haoni faida yake. Leo matuta yake yameshika, na miche tuliyoichomeka upya horini masika mawili yaliyopita imetoa matawi. Najivunia, sitajificha.

Kwa hiyo, dada yangu, anzeni juu. Sisi wa Mombasa tunakunywa maji ya Mzima, Marere, Baricho na Tiwi, yote kutoka nje ya kaunti yetu, halafu tunadhani uhifadhi unaanzia ufukweni! Tuache kiburi hicho cha mjini. Nendeni mkaulize mto wenu unatoka wapi, mketi na wenye mashamba, mwasikilize kabla ya kuwafundisha, na muulize kama kuna jumuiya ya watumiaji wa maji, ambazo Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inazitambua. Hesabu zibandikeni ukutani. Anzeni juu, narudia, na mkishapanda mrudi kuangalia, maana kupanda ni asubuhi moja na kutunza ni miaka.

Kuhusu Jumamosi, mwombe mgeni rasmi asogeze tarehe. Nimetazama: siku hiyo ni maji mafu, na tope la chini halitafunuka vya kutosha. Ngojeni bamvua, maji yanapokupwa sana. Kwa sasa wekeni miche kivulini na muimwagilie, na Jumapili njoo na wenzako watano Rabai, mje na majembe; nepia ya kupanda mzee ameshakata.