Kwa Wanaoanza Kutunga Maswali ya Star Wars

Jumamosi ya kwanza niliyopewa zamu ya kutunga maswali ya chemshabongo, nilimnyima kijana mmoja alama aliyostahili katika swali la Star Wars, ile hadithi ya filamu za vita vya angani. Ninyi mnaojiunga nasi sasa, naomba hilo lisiwapate.

Nilikuwa na riwaya ya mitumba, Vector Prime ya mwaka 1999, niliyoinunua kwa wanaotandaza vitabu kando ya barabara ya Tom Mboya. Humo Chewbacca, mmoja wa mashujaa wa Star Wars, anakufa mwezi unapoiangukia sayari ya Sernpidal. Nikauliza: Chewbacca alifia wapi? Kijana akajibu bila kusita kwamba Chewbacca hajafa. Nikamtilia mkasi. Kumbe yeye alikuwa ameitazama filamu ya 2015, na humo Chewbacca yu hai, tena anarusha chombo. Timu yake ilishindwa kwa alama moja. Wiki iliyofuata nilimrudishia alama yake mbele ya watu wote, lakini uso wake wa siku ile haujanitoka.

Neno lililonisumbua ni kanoni, yaani orodha ya yale yanayohesabika kuwa yalitokea kweli ndani ya hadithi. Limetoka kanisani. Biblia ya Mkatoliki ina vitabu 73, ya jirani yake Mprotestanti ina 66. Tobiti na Yudithi wamo katika ile, katika hii hawamo. Jijini hapa kuna nyumba ambamo Biblia hizo mbili zinalala kwenye meza moja, na kila mwenye yake anajua ipi ni ipi. Mwaka 1911 Ronald Knox, ambaye baadaye alikuwa padri, alizichambua hadithi za Sherlock Holmes kwa namna wasomi wanavyoichambua Biblia, na mashabiki wa Holmes wakalishika neno hilo.

Kwa hiyo ukisikia kanoni, uliza kwanza: nani aliamua, na lini? Kwa Star Wars jibu lina tarehe. Disney ilitangaza kuinunua Lucasfilm, kampuni inayotengeneza Star Wars, mwaka 2012, na tarehe 25 Aprili 2014 Lucasfilm ikatangaza kwamba zinazobaki rasmi ni zile filamu sita pamoja na katuni ya The Clone Wars. Riwaya, vitabu vya katuni na michezo ya kompyuta iliyotangulia vikapewa jina Legends. Kabla ya hapo palikuwa na ngazi: tangu 2000 Leland Chee, mfanyakazi wa Lucasfilm, alitunza hifadhidata iliyoitwa Holocron, filamu za George Lucas, aliyeibuni Star Wars, zikiwa juu na nyingine zikifuata chini yake. Baada ya hapo ngazi zikaondolewa, kitu kikawa ama kimo ama hakimo. Mimi nauelewa uamuzi huo. Filamu mpya zilikuwa njiani, na watunzi wake wangefungwa mikono na vitabu ambamo watoto wa mashujaa walishakuwa watu wazima na Chewbacca alishazikwa.

Vitabu tunavyovipata mitaani vingi vilichapishwa kabla ya 2014, hivyo fungua ukurasa wa mwaka wa uchapishaji kabla ya kuandika swali lolote. Toleo lililochapishwa upya lina utepe wa Legends juu ya jalada. Nakala ya zamani haina. Wala usiutegemee mwaka peke yake. Mchezo wa The Old Republic ulianza 2011 na uliendelea kuongezewa sehemu mpya miaka mingi baada ya tangazo, nao ni Legends.

Tena mpaka huo una milango. Jina Coruscant lilitoka katika riwaya ya Timothy Zahn ya 1991, likaingia katika filamu ya 1999. Thrawn, jemadari wa riwaya hiyo hiyo, alitupwa nje 2014, kisha 2016 akarudishwa katika Rebels, katuni ya televisheni. Amerudi yeye, vita vyake vya mwanzo havikurudi. Akitokea katika swali lako, angalia mara mbili.

Kanuni hizi msizipeleke kwingine. Star Trek, hadithi nyingine ya safari za angani, kwa desturi huhesabu yaliyoonyeshwa kwenye televisheni na filamu, riwaya hazimo. BBC haijawahi kutoa orodha rasmi ya Doctor Who, tamthilia yake ya televisheni, kwa hiyo huko mchezaji akitoa jibu linalotofautiana na lako, msikilize hadi mwisho.

Na tafadhali, asije mtu akamwambia mgeni kwamba kitabu alichokipenda "hakihesabiki". Fumo Liyongo tunasimuliwa kwa namna nyingi, na hakuna aliyetufungia namna moja. Mimi Vector Prime naisoma mpaka leo, na Sernpidal bado inaniumiza.

Swali langu la siku ile ningeliandika hivi: "Katika riwaya ya Vector Prime ya 1999, Chewbacca alifia sayari gani?"