Naomba kila siku lakini Mungu namwona kama bosi, nifanyeje? Jibu langu

Mleta mada, shalom. Unasema umeokoka siku nyingi, kanisani unahudumu, alfajiri unaamka kuomba, lakini ukipiga magoti unajisikia kama mfanyakazi anayepeleka ripoti kwa bosi. Unataka kujua wanaosema Mungu ni rafiki yao wanamaanisha nini hasa. Mwishoni umeuliza kama uyaache kwanza hayo maombi ya alfajiri kwa kuwa yamekuwa makavu. Nitajibu yote mawili, ingawa la kwanza ndilo litakalokula nafasi.

Waliotangulia kujibu wamekwambia uongee naye tu kama unavyoongea na mtu. Si vibaya, ila mimi niliambiwa hivyo miaka mingi na sikusogea popote, kwa sababu kuongea nilikuwa naongea tayari, tena sana. Kilichonifungua ni kuangalia Biblia inamwita nani rafiki wa Mungu, halafu kufuatilia urafiki wenyewe ulikuwaje.

Wa kwanza ni Ibrahimu. Isaya 41:8 na Yakobo 2:23 vyote vinamwita hivyo. Sasa soma Mwanzo 18. Mungu yuko njiani kwenda Sodoma, anasita, anajiuliza: nimfiche Ibrahimu jambo nilifanyalo? Hamfichi. Na Ibrahimu akishajua hatulii, anaanza kuombea mji ambao si wake, kutoka watu 50 anashuka hadi 10. Katikati ya kubembeleza huko anajiita mavumbi na majivu, ila hanyamazi. Halafu nenda Yohana 15:15, Yesu anawaambia wanafunzi hawaiti tena watumwa, kwa maana mtumwa hajui atendalo bwana wake, bali amewaita rafiki kwa kuwa yote aliyoyasikia kwa Baba amewaarifu. Jambo ni lilelile. Rafiki ni yule anayeshirikishwa mambo ya mwenzake.

Hapo nikajiona. Mungu nilikuwa namshirikisha mambo yangu yote: kodi, afya, watoto, kazi. Mambo yake sikuwahi kuyauliza. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na wengi tumeishia hapo, Mungu ni wa dhiki zetu tu, basi.

Kwa hiyo nikabadilisha mpangilio. Kabla ya kufungua orodha yangu, nauliza: Bwana, kati ya watu nitakaokutana nao leo, nani anakugusa? Sisikii sauti, niseme mapema, na huwa nawaogopa kidogo wanaoambiwa kila kitu na Mungu hadi rangi ya shati la kuvaa. Mara nyingi linakuja jina tu, au sura ya mtu. Kuna dada kazini ambaye sote tulikuwa tumemchoka, mkali, halipi salamu. Jina lake likawa linarudi. Nikaanza kumwombea kwa shingo upande, sentensi mbili tatu, na bila kupanga nikaanza kumwangalia vizuri zaidi. Nikaja kujua analea mgonjwa peke yake nyumbani. Hajawa mpole hadi leo. Lakini kuna kitu Mungu alikuwa anakijua juu yake na mimi nikakijua, na siku ile nilielewa Yohana 15 kuliko mahubiri yote niliyosikia.

Upande wa pili ni kusema kweli. Maombi yetu yana lugha rasmi ambayo tumeirithi kanisani, "Baba katika jina la Yesu" kila baada ya maneno matano, na mtu anaweza kujificha nyuma ya lugha hiyo maisha yake yote. Mwenzangu tuliyeanza naye kazi alipandishwa cheo, mimi nikabaki. Mbele za watu nilimpongeza, na alfajiri nikamshukuru Mungu kwa ajili yake kwa maneno mazuri kabisa. Jioni napiga pasi nguo, ikanitoka: Bwana, nimeumia, na huyu mtu simfurahii hata kidogo. Nikaendelea kupiga pasi. Hakuna kilichotokea, ila kesho yake nilikuwa na mazungumzo ya kurudia, jambo ambalo lugha rasmi haikuwahi kunipa. Tuliendelea nalo wiki kadhaa, mimi na Mungu. Wivu ulipungua taratibu, na ulipungua kwa sababu ulikuwa umewekwa mezani.

Ukidhani huko ni kumkosea Mungu heshima, soma Zaburi 88. Nyingine nyingi za maombolezo huanza na kilio na kuishia na sifa, hiyo inaishia gizani kabisa, na Mungu ameiacha ibaki ndani ya Biblia.

Heshima yenyewe lakini ibaki. Sipendi mtindo wa siku hizi wa kumfanya Yesu mshikaji wa kijiweni. Yohana 15:14, mstari mmoja tu kabla ya ule tunaoupenda, anasema ninyi ni rafiki zangu mkitenda ninayowaamuru. Zaburi 25:14 nayo inasema siri ya Bwana iko kwao wamchao. Kwangu mimi hili limekuwa la vitendo mno. Nikijua kuna mtu natakiwa kumwomba msamaha na ninakwepa, maombi yanakuwa mazito kama kuzungumza na mtu ambaye nyote wawili mnajua kuna jambo hamjalitaja. Sibishani tena na uzito huo. Natafuta simu, nampigia mtu wangu.

Utauliza, nitajuaje anachopenda na anachochukia? Hapa ndipo ningekushauri ukae muda mrefu kuliko penginepo. Soma Injili polepole, na jicho lako liwe kwa Yesu, si kutafuta ahadi ya kudai. Ni kitu gani kinamfurahisha? Luka 10:21 anashangilia kwa sababu Baba amewafunulia wadogo mambo aliyowaficha wenye hekima. Nini kinamkasirisha? Marko 3:5 anawakazia macho kwa hasira watu waliokuwa wakimvizia sinagogini, huku akihuzunika kwa ugumu wa mioyo yao, kwa kuwa wanaona afadhali mwenye mkono uliopooza asiponywe siku ya sabato. Marko 10:14 anachukizwa na wanafunzi wake mwenyewe wanaowazuia watoto. Kaburini kwa Lazaro analia, na anajua kabisa atamfufua. Mtu ukishamjua hivi, siku nzima unakutana na vitu unajua vinamhusu. Ukiona mtoto anafokewa pasipo sababu, huhitaji kupanga maombi.

Kuhusu kuhisi uwepo, nitasema kwa ufupi kwa sababu tunaliongelea mno. Kuna kipindi nilikuwa namuuguza mzazi, usiku silali, mchana kazini. Maombi yangu yote yalikuwa "Bwana, upo?" na hapo hapo usingizi. Nilijilaumu hadi mama mmoja wa kanisani akanionyesha 1 Wafalme 19. Eliya anaomba afe, analala chini ya mti, na malaika hamhubirii. Anampa mkate na maji, anamwacha alale, anamlisha tena. Mazungumzo yanakuja baadaye sana, huko Horebu. Kama umechoka, mpendwa, lala.

Sasa swali lako la pili. Usiyaache maombi ya alfajiri. Najua wapo wanaosema urafiki hauna ratiba. Mimi sikubaliani nao. Danieli alikuwa na nyakati tatu kwa siku, na Yesu mwenyewe aliamka alfajiri na mapema sana akaenda mahali pasipo na watu (Marko 1:35). Yale ya kupiga pasi na ya njiani yana uhai kwa sababu kuna saa nyingine ambayo simu imezimwa. Ila yafupishe. Kama unajilazimisha saa nzima na dakika 40 ni maneno ya kujaza, omba dakika 15 za kweli: mtu mmoja anayemgusa Mungu, jambo moja la kweli juu yako, na kipande cha Injili. Nyamaza kidogo kabla ya kuinuka, hata kama akili inazurura.

Anza na Marko, ina sura 16 tu na inakwenda mbio. Chukua daftari, kila sura andika kitu kimoja Yesu alichokipenda au kilichomuumiza. Ukifika Marko 8:12, pale anapougua rohoni mwake, simama hapo siku mbili tatu, kisha rudi utuambie umeona nini, maana mimi mwenyewe mstari huo bado nauzungukia.