Elfu hamsini iliyofika mpaka kwa mama

Mama yangu anauza mitumba Busia, mpakani na Kenya, upande wetu wa Uganda. Nikiwa mwaka wa kwanza chuoni Kampala, alinipigia simu asubuhi wakati niko darasani, nikatoka nje kupokea. "Mwanangu, kuna watu wamenitumia meseji eti wewe ni tapeli. Umemtapeli nani?"

Sikuwa nimemtapeli mtu. Nilikuwa nimekopa shilingi 50,000 kwenye programu moja ya simu, na siku ya kuiweka nilibonyeza "kubali" mara tatu bila kusoma. Kubali mojawapo iliwapa ruhusa ya kuona namba zote nilizohifadhi. Kwa hiyo meseji ile ilimfikia mama, ikamfikia mjomba, hata fundi cherehani wa jirani, ambaye namba yake nilikuwa nayo kwa sababu ya sare ya shule.

Nilifikaje huko? Nilipewa laki nne ya chakula cha muhula mzima, yote kwa mkupuo. Nikanunua godoro zito kuliko la mwenzangu, nikasuka, nikapanda boda hata kutoka hosteli hadi Wandegeya, mahali pa kutembea kwa miguu. Nayo iliyobaki nikawa naitoa kwa wakala elfu tano tano, nikidhani hiyo ndiyo nidhamu. Kumbe kila ukitoa kuna ada, na juu yake ile kodi ya asilimia 0.5 iliyotuangukia 2018, na kwa kiasi kidogo ada ndiyo inayouma zaidi. Kutoa elfu thelathini mara moja kunakugharimu kidogo kuliko kutoa elfu tano mara sita.

Sasa ule mkopo. Ada yake ilikuwa asilimia 15 kwa siku 14, yaani 7,500. Si hela ya kumtisha mtu. Siku ya kulipa ilipofika sikuwa na kitu zaidi ya hiyo 7,500, nikailipa, wakanisogezea tarehe. Nikafanya hivyo mara tatu. Wiki sita, nimetoa 22,500, na deni liko palepale 50,000! Mara ya nne nikanyamaza, ndipo meseji zikaanza.

Nina binamu anayesoma Marekani, yeye ana kadi ya mkopo. Nilimwonea wivu mpaka aliponieleza: akilipa deni lote la mwezi kabla ya tarehe, hatozwi riba. Akilipa kile kiwango cha chini tu wanachomwandikia, riba inaendelea kula, kama yangu. Tofauti ni kwamba mimi hata ningelipa kesho yake, ada ingekuwa ileile. Na kule, tangu sheria ya 2009, aliye chini ya miaka 21 lazima aonyeshe kipato chake au apate mtu wa kusaini naye. Simu yangu haikuniuliza kama nina hata kazi ya kuosha vyombo.

Mkopeshaji akikuambia uache kitambulisho cha taifa au kadi ya ATM kama dhamana, ondoka. Kanuni za wakopeshaji hapa Uganda zinakataza.

Mama ndiye aliyelipa. Hakunigombeza, jambo lililoniuma zaidi. Muhula uliofuata alikataa kunipa laki nne. Alikaa nazo yeye, na kila Jumamosi akifunga meza yake ananitumia 30,000, naitoa yote siku hiyohiyo na kuitia kwenye kopo la majani ya chai. Wenzangu hosteli walinicheka, msichana wa chuo anayepewa posho kama mtoto wa P5, darasa la tano. Kuna wiki kopo lilibaki na sarafu Alhamisi, nikala mihogo ya kuchemsha siku mbili, basi. Rolex, ile chapati ya kuviringishia mayai, ikasubiri Jumamosi.

Fundi cherehani, kwa taarifa yenu, mpaka leo nikienda nyumbani ananipigia kelele kutoka ng'ambo ya barabara: "Tapeli, karibu!"