Amemaliza, amekamilisha au amefaulu: ripoti ya mafunzo iseme lipi?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Ninatafsiri kwa Kiswahili skrini za jukwaa la mafunzo ya mtandaoni. Masomo tunayapata kwa watengenezaji mbalimbali, na yote yamefungwa kwa kiwango cha SCORM. Kwenye safu ya hali ya mwanafunzi niliandika "amemaliza". Sasa msimamizi analalamika kwamba hata walioshindwa jaribio wanaonekana "wamemaliza". Mwenzangu mmoja anataka tuandike "amehitimu", mwingine "amepita". Lipi ni sahihi?

JIBU: Marahaba. Kabla hujabadilisha neno, tazama kwanza somo lenyewe linaliambia nini jukwaa, maana malalamiko ya msimamizi yameanzia huko.

SCORM ilitungwa na ADL, mpango wa mafunzo ya kidijitali wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ulioanzishwa mwaka 1997, ili somo lililotengenezwa kwa programu moja lifunguke kwenye jukwaa lolote na kulirudishia matokeo. Somo hubanwa kuwa faili moja, ndani yake mkiwa na orodha ya yaliyomo iitwayo imsmanifest.xml. Likifunguliwa, huliarifu jukwaa hali ya mwanafunzi kwa maneno machache yaliyokubaliwa. Katika toleo 1.2 la mwaka 2001, hali hiyo ina nafasi moja tu, na maneno yanayoruhusiwa ni sita: "passed", "completed", "failed", "incomplete", "browsed" na "not attempted". Kufika mwisho na kushinda jaribio vinagombea kiti kimoja. Somo likituma "completed", hujui mtu alishinda au alishindwa. Likituma "failed", hujui kama alilipitia somo lote.

SCORM 2004 iliweka nafasi mbili, moja ya ukamilifu na nyingine ya ufaulu. Kama masomo yenu ni ya toleo hilo, basi skrini yako inaonyesha nafasi moja na kuificha ya pili, na hakuna neno la Kiswahili litakaloziba pengo hilo. Weka safu mbili. Kama ni ya 1.2, mwombe mtengenezaji atume "passed" au "failed" pale penye jaribio.

Sasa maneno. Kumaliza limetokana na mzizi wa Kibantu -mala, ambao Waganda bado wanautumia katika okumala. Maana yake ni kufikisha kitu mwisho, hata kwa kukiteketeza: mtu humaliza pesa, humaliza maji ya mtungi. Aliyebofya "endelea" hadi skrini ya mwisho bila kusoma mstari mmoja naye amemaliza, na Kiswahili hakimkatalii. Kukamilisha kunadai zaidi, kwa kuwa kilicho kamili hakina pengo. Na "completed" ya SCORM hutolewa pale masharti aliyoweka mtengenezaji yanapotimia, kwa mfano kurasa zote kufunguliwa au mazoezi yote kujibiwa. Kwa hiyo andika amekamilisha.

Kinyume chake kiwe hajakamilisha, na asiyegusa somo awe hajaanza. Nakusihi usiandike "hakukamilisha". Hiyo -ja- inabeba tumaini kwamba mtu bado yumo safarini, nayo "hakukamilisha" inamfungia mlango wakati somo lingali wazi.

Kuhitimu ni neno zito. Ni la Kiarabu, lenye shina moja na hatima, hatimaye na hitima, na wazee wetu walilitumia hasa kwa aliyeisoma Kurani hadi mwisho. Somo la dakika ishirini halistahili neno hilo. Lihifadhi kwa aliyetimiza programu nzima na kupewa cheti.

Kupita linasemwa sana, na mitaani hakuna ubaya. Kwenye skrini yako lakini lina hatari, kwa sababu utahitaji pia neno la "browsed", yaani mtu aliyefungua somo kulitazama tu, na neno linalofaa ni amepitia. Weka "amepita" na "amepitia" katika safu moja, uone msimamizi mwenye haraka atakavyozisoma. Irabu moja itabadilisha matokeo ya mtu. Chukua amefaulu, na kinyume chake hakufaulu. (Neno "kiwango" ulilolitumia kwa SCORM ni sawa kabisa. Ila kama skrini hiyohiyo ina "kiwango cha ufaulu", yaani alama ya chini ya kushinda, basi SCORM iite "kiwango cha kiufundi" msomaji asichanganye. Usiseme "usanifu", maana huo umeshachukuliwa na wachoraji wa majengo.)

Liko jambo moja hukuuliza, nalo litakufikia mkihamia xAPI, kiwango kingine cha kuweka kumbukumbu za mafunzo, kilichotoka mwaka 2013. SCORM huhifadhi hali, na hali mpya hufuta ya zamani. Ndiyo maana -me- inaikaa vizuri: amefaulu, yaani sasa hivi ndivyo alivyo. xAPI huandika tukio, lenye tarehe na saa, katika sentensi yenye mtenda, kitenzi na kitendwa. Sentensi hiyo haihaririwi. Ikiwa na kosa hubatilishwa kwa sentensi nyingine. Tukio lenye tarehe lataka -li-: alikamilisha somo tarehe fulani. Skrini ya hali itumie -me-, kumbukumbu ya matukio itumie -li-, nao wasomaji wataelewa tofauti bila kuelezwa.

Katika xAPI kitenzi hutambulishwa kwa anwani ya wavuti, kisha huwekewa maandishi ya kuonyesha kwa kila lugha, Kiswahili kikiwa na alama "sw". Kila lugha ina nafasi ya umbo moja. Kitenzi chetu hubeba mtenda ndani yake, na mtenda katika xAPI anaweza kuwa kundi. Hapo "alikamilisha" litakuwa kosa la upatanisho. Andika umbo la umoja, kisha mwombe mtengeneza programu asome anwani ya kitenzi na kuonyesha "walikamilisha" mtenda akiwa kundi. Inawezekana, kwa kuwa maana yote iko kwenye anwani.

Mkitumia cmi5, kanuni za mwaka 2016 zinazosimama juu ya xAPI, mtakuta vitenzi viwili vya kuangalia kwa makini. "Waived" ni amesamehewa, kama mtu anavyosamehewa ada. "Abandoned" hutumwa na jukwaa pale kikao cha kusoma kinapokufa bila somo kuaga. Nimeona pahali limetafsiriwa "ametelekeza", na liliniuma, kwa sababu huenda intaneti ilizimika mtu akiwa katikati ya swali la mwisho. Lugha yetu ina umbo linalomwondolea lawama: andika amekatikiwa kikao, na kwenye kumbukumbu ya matukio, alikatikiwa kikao.