Je, ninaweza kupunguza uzito bila kula mboga za majani?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, naishi Dar es Salaam na kazi yangu ni ya kukaa ofisini. Nina kilo 92 na urefu wa sentimita 168, na daktari ameniambia nipunguze uzito kwa sababu shinikizo la damu limeanza kupanda. Tatizo langu ni kwamba tangu utotoni ninachagua sana chakula. Sili mchicha, matembele, kisamvu, bamia, samaki wala mtindi; mlenda nikiuona tu nasikia kichefuchefu, jambo linalomkwaza mama mkwe wangu, ambaye ni mwenyeji wa Dodoma. Ninachokula ni chapati, wali, chipsi mayai, nyama, kuku, mayai, maharage, ndizi mbivu, embe, na karoti zikiwa ndani ya pilau. Asubuhi nakunywa chai kwa chapati mbili, na kwa siku sikosi vikombe vitatu vya chai, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari, pamoja na soda moja ya mchana. Kila ushauri ninaousoma unaanza na mboga za majani, na rafiki yangu ananihimiza ninywe maji ya ndimu kila nikiamka. Je, naweza kupungua kwa vyakula hivi hivi? Na huku kuchagua chakula ni ugonjwa?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Umeuliza mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya kuwa moja, nayo ni kupunguza uzito na kuupa mwili virutubishi vyote unavyohitaji. La kwanza unaweza kulianza kesho asubuhi kwa vyakula ulivyovitaja, bila kugusa jani hata moja. La pili litachukua miezi, na litahitaji uvumilivu ambao ushauri mwingi unaousoma haukupi nafasi ya kuwa nao.

Nimeisoma orodha yako mara mbili na haikunitisha. Mtu anayekula maharage, mayai, kuku, embe na ndizi ana msingi mzuri kuliko anavyodhani, na kinachokuongezea uzito hakimo katika vyakula unavyovikataa. Kimo katika mafuta na sukari vinavyoambatana na vile unavyovipenda.

Tuanze na chapati. Chapati moja ya ukubwa wa kawaida hutumia takribani gramu 60 za unga, na ukijumlisha mafuta ya kukandia, ya kupaka kabla ya kuikunja na ya kuchomea, si ajabu ikabeba kijiko kimoja kikubwa cha mafuta. Unga huo una kama kilokalori 220, na kijiko hicho kina kama 120, kwa sababu gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9 wakati gramu moja ya wanga au protini ina 4. Chapati zako mbili za asubuhi, kwa hiyo, zinakaribia kilokalori 680 kabla hatujaigusa chai. Ukila moja badala ya mbili, na pembeni yake ukaweka yai moja la kuchemsha lenye kilokalori 75 hivi, utakuwa umepunguza zaidi ya 260, na kwa sababu protini ya yai inashibisha, huenda usiione tofauti hadi saa sita mchana.

Sasa sukari. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina gramu 4. Vijiko tisa kwa siku ni gramu 36, na vikiwa vya mlima, kama vilivyo katika nyumba nyingi, ni zaidi ya hapo. Soda ya mililita 350 ina gramu nyingine kama 37. Jumla yako inakuwa zaidi ya gramu 70, ilhali mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unataka sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nishati yote, yaani gramu 50 kwa mtu anayehitaji kilokalori 2,000, na unasema ni bora zaidi ikishuka hadi nusu ya hapo. Soda iache iwe ya sherehe. Kwenye chai shuka kutoka vijiko vitatu hadi viwili kwa majuma mawili, kisha hadi kimoja. Ulimi huzoea, na nimewaona wanywaji wa chai ya sukari nyingi ambao baada ya miezi miwili waliilalamikia chai ya jirani kuwa ni tamu mno.

Ukijumlisha punguzo la chapati, la chai na la soda, unapata karibu kilokalori 500 kwa siku. Mwili wa mwanamke wa umri, uzito na urefu wako, asiye na kazi ya nguvu, hutumia takribani 2,300 kwa siku, kwa hiyo punguzo hilo linatosha kukushusha karibu nusu kilo kwa juma katika miezi ya mwanzo. Baadaye mwendo utapungua, kwa sababu mwili mdogo unahitaji nishati kidogo; hilo likitokea usidhani kwamba umekosea. Wala usijiwekee lengo la kilo 20. Uwiano wako wa uzito na urefu kwa sasa ni 32.6, na kuanzia 30 tunauita unene uliokithiri, lakini kushusha asilimia 5 hadi 10 ya uzito, yaani kilo tano hadi tisa, kunatosha kwa watu wengi kuona nafuu katika shinikizo la damu na sukari ya damu. Kama umepewa dawa za shinikizo, usiziache kwa kuwa mizani imeshuka. Daktari ndiye atakayeamua.

Chipsi mayai inastahili aya yake. Gramu 100 za kiazi kilichochemshwa zina kilokalori zisizofika 90, lakini kiazi hicho hicho kikikaangwa kikazama katika mafuta, gramu 100 zake hukaribia 300, kwa sababu maji yametoka na mafuta yameingia mahali pake. Ongeza mayai mawili na mafuta ya kikaangoni, na sahani moja ya kibandani inaweza kufika kilokalori 900 au zaidi. Sikukatazi. Nakuomba uile mara moja kwa juma, na siku nyingine upate viazi na mayai kwa njia ya nyumbani: viazi vichemshwe na maganda, vikatwe vipande, vigeuzwe katika kikaango kwa kijiko kimoja cha mafuta hadi vipate rangi, kisha mayai yamwagiwe juu na kufunikwa. Ladha inakaribiana, na ulimi wako tayari umeshaikubali.

Kuhusu mafuta ya nyumbani, huwa nawaomba wanaonijia wafanye jambo moja rahisi, nalo ni kuandika kwa kalamu, juu ya chupa ya lita moja, tarehe iliyofunguliwa. Lita moja ina zaidi ya kilokalori 8,000. Nyumba ya watu wanne inayoimaliza kwa juma moja inampa kila mmoja karibu kilokalori 290 kila siku zinazotokana na mafuta ya kupikia peke yake, na hakuna anayekumbuka kuzila. Pima kwa kijiko badala ya kumimina, na tarehe za chupa inayofuata zitakueleza kama umefanikiwa.

Kuhusu maji ya ndimu, hayachomi mafuta ya mwili. Yakichukua nafasi ya soda yatakufaa, kwa sababu hiyo tu. Dawa za kuharisha zinazouzwa kwa jina la kukata tumbo hutoa maji mwilini, nayo mizani hurudi ilipokuwa mara tu unapokunywa maji, ziepuke kabisa.

Sasa nije kwenye kuchagua chakula, ambako naona ndiko unakoumia zaidi. Watu hukwambia unadeka. Mimi naona orodha yako ina mantiki. Mlenda na bamia vinateleza, mtindi ni mchachu na una mabonge, samaki ana shombo, na mchicha na kisamvu vikipikwa sana hulainika hadi vikashikana. Unakataa utelezi, ulaini wa kushikana na harufu kali, na unakubali vyote vyenye umbo kavu au imara. Ni hisia za kinywa chako, na tabia yako haina kosa hapo.

Uchungu nao una historia yake. Mwaka 1931 mkemia wa Marekani, Arthur Fox, alikuwa akifanya kazi na unga wa kemikali fulani katika maabara, vumbi lake likapeperuka. Mwenzake akalalamika kwamba hewa ni chungu, ilhali Fox mwenyewe hakuonja lolote. Baadaye ilieleweka kwamba watu hurithi uwezo tofauti wa kuonja uchungu wa aina hiyo, na kemikali zinazofanana nayo zimo katika jamii ya kabichi na sukuma wiki. Kwa hiyo watu wawili wakila sahani moja ya sukuma wiki, mmoja anaweza kuonja jani lenye utamu kidogo na mwingine akaonja kitu kama dawa, na wote wawili wanasema kweli.

Je, ni ugonjwa? Kwa walio wengi, hapana. Ila ipo hali ambayo kukwepa chakula kunamfanya mtu apungukiwe damu au virutubishi, au ashindwe kukaa mezani na wenzake, au aogope kukabwa na kila kipya anachokiweka mdomoni. Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kiliiingiza katika mwongozo wake wa mwaka 2013 kama tatizo la kiafya linalojitegemea. Ukijiona katika maelezo hayo, mweleze daktari wako bila haya. Wewe, kwa kuwa unamwona daktari hata hivyo, omba upimwe wingi wa damu.

Namna ya kupanua orodha yako ni kusogea hatua moja kutoka kwenye kile unachokikubali, na katika kila hatua kubadilisha sifa moja tu ya chakula. Karoti unazikubali ndani ya pilau. Basi zikune zikaingie kwenye maharage, ambamo hazitaonekana wala hazitabadilisha ladha sana. Baada ya hapo zikaange kidogo peke yake, zibaki ngumu. Kutoka hapo hatua ya kwenda kwenye kabichi iliyokatwa nyembamba ni fupi, mradi isichemshwe. Kabichi inapochemka kwa muda mrefu hutoa harufu ya salfa, nayo ndiyo watu wengi huichukia. Ikipita kwenye kikaango cha moto mkali kwa dakika tatu hivi, na chumvi kidogo na matone ya ndimu, hubaki na mlio wake wa kutafunwa na utamu wake. Chumvi hapo ina kazi zaidi ya kukoleza, kwa sababu hufifisha uchungu ulimini. Lakini kwa shinikizo lako la damu iwe ni kidole na dole gumba, na jumla ya siku nzima isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai.

Kiasi cha kuonja kiwe kidogo hadi uone kama mchezo, ukubwa wa ukucha, na usijilazimishe kumeza. Utafiti uliofanywa kwa watoto unaonyesha kwamba chakula kigeni huhitaji kuonjwa mara nyingi, mara nane hadi 15, kabla ya kukubalika. Mtu mzima naye asikate tamaa mara ya tatu. Ukimaliza mara 15 na bado unakichukia, kiache. Zipo mboga nyingine.

Wakati huo wote virutubishi vya majani havina budi kupatikana kwingine, na habari njema ni kwamba unavyo karibu. Maharage yaliyopikwa, kikombe kimoja, yana protini kama gramu 15 na makapimlo, yaani nyuzinyuzi, zaidi ya gramu 10, pamoja na foleti, aina ya vitamini B ambayo mwanamke wa umri wako anaihitaji hasa kama bado anatarajia kuzaa. Embe na karoti vitakupa vitamini A, na embe zikiisha msimu, jaribu viazi lishe, vile vitamu vya rangi ya chungwa, ambavyo kwa ugumu na utamu wake nina matumaini havitakushinda. Kula tunda pamoja na maharage ili vitamini C yake isaidie ufyonzwaji wa madini ya chuma, na chai isogeze mbali na mlo kwa saa moja, kwani huuzuia. Shirika la Afya Duniani linataka gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Embe moja, ndizi mbili na karoti mbili zinakufikisha hapo au karibu sana.

Samaki na mtindi viache kwa sasa. Mlenda usiuweke hata kwenye orodha ya majaribio, kwa sababu utelezi ndio mlenda wenyewe. Magadi yanayotiwa humo huuongeza, na hakuna upishi utakaouondoa ukabaki na mlenda. Mama mkwe aambiwe na mumeo, mapema, kabla ya safari na si mbele ya sahani, kwamba tumbo lako halipokei vyakula vya kuteleza. Ukifika, omba ugali na maharage, ule pamoja na wengine, na ukiweza ingia naye jikoni ukaangalie anavyoyaunga.