Nitriki oksaidi na ng'ombe anayezuia maziwa

Swali: Daktari, shikamoo. Nasomea uzalishaji wa mifugo. Tumefundishwa kwamba gesi ya nitriki oksaidi hutanua mishipa ya damu na hutengenezwa mwilini kutokana na arjinini, mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini. Nikimwongezea ng'ombe arjinini kwenye pumba, ataachia maziwa kwa urahisi?

Jibu: Marahaba. Hapana, na sababu iko zaidi kwenye ubongo kuliko kwenye kiwele.

Kinachofanya maziwa yaachiliwe ni oksitosini, homoni ya seli za neva za haipothalamasi (sehemu ya chini ya ubongo), inayoingia kwenye damu kupitia sehemu ya nyuma ya pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Seli hizi zimechunguzwa sana kwa panya wa maabara. Vitoto vyake hunyonya mfululizo, lakini maziwa hayatoki mfululizo. Kila baada ya dakika kadhaa seli hizo hufyatuka zote kwa pamoja kwa sekunde 2 hadi 4, na muda mfupi baadaye maziwa husukumwa kwenye chuchu. Hadi leo nastaajabu jinsi seli za pande mbili za ubongo zinavyopatana hivyo.

Sasa, seli hizohizo zina kimeng'enya kinachotengeneza nitriki oksaidi. Zikichangamka, kalsiamu huingia, kimeng'enya huamka na gesi huzalishwa. Haiwekwi akiba, hupenya utando na kuwafikia majirani papo hapo. Hapo kazi yake ni breki, kwani huzidisha GABA, kemikali ya ubongo ambayo hutuliza seli za oksitosini. Panya jike asiye na mimba akizuiliwa kimeng'enya hicho kwa dawa, kisha seli hizo zikachochewa kwa kumpa maji ya chumvi kali, hutoa oksitosini nyingi zaidi. Mwishoni mwa mimba dawa hiyo haileti tena tofauti hiyo, na utengenezaji wa kimeng'enya chenyewe umeshapungua. Mwili umelegeza breki kabla ya uchungu kuanza.

Kwa hiyo gesi inayofungua mishipa ndiyo hiyohiyo inayozituliza seli unazotaka zichangamke. Tena, arjinini ya kwenye pumba huvunjwavunjwa kwa wingi na vijidudu vya rumeni, chumba kikubwa cha tumbo la ng'ombe, kabla haijafika kwenye damu. Usipoteze fedha zako.

Osha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, chua chuchu, subiri kama dakika 1, kisha kamua hadi mwisho bila kukatiza. Usimpige wala kumshtua, maana woga huizuia oksitosini. Akiendelea kuzuia, mkague kama ana ugonjwa wa kiwele au vidonda vya chuchu kabla hujafikiria sindano ya oksitosini.