Ubingwa wa uzazi na wanawake: kabla ya kuchagua chuo, ulizia leba yake usiku

Dada, umeuliza mambo matatu kwa mpigo: kama ubingwa wa uzazi na magonjwa ya wanawake unavumilika, ukasome wapi, na kama hiyo miaka yako ya kupasua wilayani itakubeba. Mimi MMed (shahada ya ubingwa) nimeisomea Dar, sasa niko hospitali ya rufaa ya mkoa, napokea akina mama kutoka vituo kama hicho chako. Naanza na swali la mwisho kwa sababu ndilo linalowatesa wengi wakishafika.

Kupasua unajua. Hapa kwetu Tanzania daktari aliyekaa wilayani akashindwa kumtoa mtoto kwa operesheni ni wa kutafuta. Ndiyo maana rezidenti (daktari anayesomea ubingwa) wa mwaka wa kwanza anaingia leba na mkono mwepesi, anajiona keshaiva. Asubuhi kwenye raundi bosi anafungua faili: "Huyu mmempasua kwa nini?" Unajibu uchungu haukuendelea. Anageuza patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, anaweka kidole: njia imefunguka sentimita nne. Hapo darasa ndiyo linaanza. Mwongozo wa WHO wa 2020 unahesabu uchungu kamili kuanzia sentimita tano, kwa hiyo huyo mama inawezekana kabisa alikuwa hajauingia, na ninyi mmeshamwachia kovu. Mimba ijayo kondo la nyuma linaweza kujishikiza juu ya kovu hilo hilo, na operesheni ya namna hiyo si ya daktari mmoja na chupa moja ya damu.

Wilaya imekupa mkono. Unachokwenda kutafuta ni uamuzi: lini uingie thieta, lini ukae na mama usubiri, lini umwite mkubwa wako kabla mambo hayajaharibika. Ukiliweka hilo kichwani mwanzo, miaka ya ubingwa haitakuuma sana.

Sasa wapi. Muhimbili utaona yaliyoshindikana kwingine: kifafa cha mimba, mfuko wa uzazi uliopasuka, wajawazito wenye ugonjwa wa moyo, na hospitali ya saratani ya Ocean Road haiko mbali kwa upande wa saratani ya mlango wa kizazi. Ila uzazi wa kawaida huko si mwingi kivile. Msongamano wenyewe uko hospitali nyingine za Dar: Amana, Temeke na Mwananyamala. Bugando ya Mwanza inapokea Kanda ya Ziwa nzima, KCMC ya Moshi inapokea Kaskazini, na Dodoma kuna chuo kikuu cha UDOM na hospitali ya Benjamin Mkapa. Wote wanatoa mabingwa wazuri, usibabaishwe na ubishi wa chuo gani baba lao.

Swali la maana ni hili: saa tisa usiku mama anatoka damu, nani anakuja? Mtafute rezidenti wa mwaka wa pili, sio wa kwanza (bado ana mchecheto) wala wa mwisho (anawaza mtihani tu), umuulize bosi wa zamu hufika au huongea kwenye simu. Halafu muulize mnagawanaje thieta ya magonjwa ya wanawake. Operesheni za uzazi hazikosekani popote, lakini kutoa kizazi, uvimbe na kizazi kilichoshuka ni chache, na rezidenti ni wengi. Kuna mahali nilipelekwa kwa mafunzo, sipataji, tulikuwa wanne mezani kwa mama mmoja, wawili kazi yetu kushika vyuma tu. Mwisho wa mwezi daftari la kuandikia operesheni zako limejaa "nilisaidia".

Kitu nilichojifunza ubingwani ambacho wilayani sikukipata sawasawa ni damu baada ya kujifungua. Tulizoea kuikadiria kwa macho. Lakini damu inanyonywa na kanga, inaingia kwenye godoro, nyingine inamwagikia kwenye beseni pamoja na maji ya uzazi, na wewe unaandika "mililita 300" kwa moyo mweupe. Mkunga mzoefu hasemi mililita. Anakwambia, "Dokta, hii ni kanga ya tatu," huku mkono wake uko tumboni anausugua mfuko wa uzazi uliolegea. Ukisikia hivyo acha kalamu. Utafiti wa E-MOTIVE, uliochapishwa 2023 na Tanzania ilikuwamo pamoja na Kenya, Nigeria na Afrika Kusini, uliweka chini ya mama mfuko wa plastiki wenye alama za kupimia. Kutoka damu kupita kiasi kukagundulika kwa 93% ya akina mama waliopatwa nako, wakati kwa utaratibu wa zamani ni 51%. Na dawa zote zikatolewa kwa pamoja badala ya kujaribu moja, kusubiri, kisha nyingine. Matokeo mabaya kabisa yakapungua kwa 60%. Hakuna mashine ya ajabu hapo. Kwa hiyo ukienda kuangalia chuo, chungulia leba uone kama ile plastiki ipo mezani au imefungiwa stoo.

Kuhusu kuvumilika: zamu ni ndefu, na lugha ya baadhi ya mabosi ni chungu, sitakudanganya. Kinachochosha zaidi ni kikao cha kupitia vifo vya akina mama. Faili linasomwa dakika kwa dakika, mama alifika saa ngapi, damu iliombwa saa ngapi, ilifika saa ngapi. Kanuni ni kutolaumiana, na wapo wanaoifuata. Lakini ndicho chumba kilichonifundisha kuandika saa kwenye kila ninachofanya. Takwimu za kitaifa zilionyesha vifo 556 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015/16, na 104 mwaka 2022. Vikao hivyo vina mchango wao, wabishi waje.

Wakunga uwaheshimu kuanzia siku ya kwanza. Rezidenti anayejibizana na sista wa leba ataitwa kwa kila kitu au hataitwa kabisa, na sijui lipi baya zaidi.

Pesa: usiripoti chuoni bila barua ya ruhusa ya masomo kutoka kwa mwajiri, vinginevyo mshahara utakuletea kesi. Udhamini wa Wizara ya Afya upo, tangazo likitoka omba mapema na nyaraka zako ziwe zimekamilika. Watoto? Tulikuwa na wenzetu waliojifungua katikati ya masomo na wakamaliza. Kinachotakiwa ni mtu wa kuaminika nyumbani, na kupanga likizo isigongane na mtihani.

Tasnifu anza kuiwaza sasa hivi. Chukua swali ambalo majibu yake yanapita wodini kila siku, mfano sababu za operesheni kwa mama wa uzazi wa kwanza. Ukichagua ugonjwa unaoonekana mara mbili kwa mwaka, wenzako watavaa joho wewe ungali unasubiri wagonjwa watimie.